Frank Shuman

Frank Shuman (Brooklyn, New York, 23 Januari 1862 – Tacony, Philadelphia, 28 Aprili 1918) alikuwa mvumbuzi, mhandisi na mfanyabiashara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa mambo mawili: kioo cha usalama chenye wavu wa waya ndani yake, na kituo cha kuzalisha nguvu kwa joto la jua alichokijenga Maadi, kusini mwa Kairo nchini Misri, katika miaka 1912-1913.

Kituo cha Maadi kilikuwa na safu tano ndefu za vioo zilizosimamishwa juu ya ardhi. Vioo hivyo vilifuata mwendo wa jua tangu asubuhi hadi jioni, vikachemsha maji, na mvuke uliopatikana uliendesha pampu ya kumwagilia mashamba. Mara nyingi kinatajwa kuwa kituo cha kwanza cha nguvu ya jua duniani kilichojengwa kwa kiwango cha kiwanda. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu kabla ya kuachwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Historia yake husomwa hadi leo kwa sababu kituo hicho kiliachwa ilhali kilikuwa kinafanya kazi. Mitambo ilishinda mtihani wake, lakini vita na bei ya fueli vikaizidi nguvu.

Maisha ya awali

Shuman alizaliwa Brooklyn mwaka 1862. Sehemu kubwa ya ujuzi wake wa kemia na mashine aliupata kazini na kwa kujisomea mwenyewe. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukemia katika kiwanda cha rangi huko West Virginia.

Baadaye alihamia Philadelphia, alikoitwa na ami yake Francis Schumann, aliyeongoza kiwanda cha chuma cha Tacony. Wakati huo kiwanda hicho kilikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza sehemu za chuma za mnara wa Jumba la Jiji la Philadelphia, ambao juu yake iliwekwa sanamu ya William Penn mwaka 1894. Shuman alishughulikia kazi ya kupaka chuma hicho tabaka la metali kwa kutumia umeme. Tangu hapo Tacony, mtaa ulioko kando ya mto Delaware, ukawa makao yake hadi kufa kwake.

Kioo chenye waya

Mnamo 20 Septemba 1892 Shuman alipewa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, kwa njia ya kutia wavu wa waya ndani ya kioo kikiwa bado cha moto na laini. Kioo cha namna hiyo kikipasuka, vipande vyake hushikwa na waya badala ya kuanguka juu ya watu. Tena hustahimili moto kwa muda mrefu kuliko kioo cha kawaida. Kwa sababu hiyo kilitumika sana katika mapaa ya viwanda, milango na madirisha ya majengo ya umma.

Mwaka 1893 alitunukiwa medali ya John Scott huko Philadelphia kwa uvumbuzi huo. Kioo chenye waya kilimpa pia fedha, na fedha hizo zilimwezesha kuwa na maabara yake nyumbani Tacony na kufanya majaribio ambayo hayakuwa na faida ya haraka. Nguvu ya jua ilikuwa mojawapo ya majaribio hayo.

Waliomtangulia

Shuman hakuwa wa kwanza kutaka kuendesha mashine kwa jua. Mwaka 1767 mtaalamu wa Uswisi Horace-Bénédict de Saussure alionyesha kwamba sanduku lililofunikwa kwa kioo hunasa joto la jua. Kioo hupitisha mwanga kuingia ndani, lakini huzuia sehemu kubwa ya joto kutoka. Nchini Ufaransa Augustin Mouchot aliunda mashine za mvuke zilizopata joto kutoka kwenye kioo kikubwa chenye umbo la pia, na mojawapo ilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1878. Huko Marekani John Ericsson, mhandisi aliyezaliwa Uswidi, alijaribu vioo vyenye umbo la hori. Mnamo 1901 Aubrey Eneas alionyesha mashine yake huko Pasadena, California, katika shamba la kufugia mbuni.

Wengi wao walitafuta joto kali sana kwa kukusanya miale ya jua mahali padogo. Njia hiyo ilihitaji vioo vikubwa vyenye kupinda kwa usahihi, na mitambo hiyo ilikuwa ghali na rahisi kuharibiwa na upepo. Shuman alichukua njia tofauti. Aliona kwamba swali kuu halikuwa kiasi gani cha joto kinaweza kupatikana, bali ni kwa gharama gani. Alipendelea mitambo isiyo na ufanisi mkubwa, mradi iwe rahisi kujengwa, imara na nafuu.

Majaribio ya Tacony

Majaribio yake ya kwanza yalitumia masanduku ya mbao yaliyofunikwa kwa kioo, yenye mabomba meusi ndani yake. Badala ya maji, mabomba yalijaa etha, kimiminiko kinachochemka kwenye joto la takriban sentigredi 35 tu. Mvuke wa etha uliendesha injini ndogo.

Mwaka 1907 alionyesha kwa umma mtambo wa aina hiyo wenye eneo la takriban mita za mraba 100 katika uwanja wa nyumba yake. Mtambo ulitoa nguvu farasi 3.5 hivi. Mwaka uliofuata alianzisha Sun Power Company ili kukusanya mtaji.

Etha ilikuwa na kasoro zake: huwaka moto kwa urahisi, na mvuke wake katika joto hilo hauna nguvu nyingi. Kwa hiyo Shuman alirudi kwenye maji, lakini akabadilisha injini. Alibuni injini ya mvuke inayofanya kazi kwa shinikizo dogo, karibu na lile la hewa ya kawaida. Baada ya kusukuma injini, mvuke ulipozwa ukageuka kuwa maji tena, jambo lililoacha ombwe upande wa pili na hivyo kuongeza nguvu ya msukumo. Injini ya namna hiyo haikuhitaji joto kali, na maji yaleyale yaliweza kurudishwa na kuchemshwa tena.

Mwaka 1911 alikamilisha Tacony mtambo mkubwa zaidi, wenye eneo la kukusanya miale la zaidi ya futi za mraba 10,000, yaani karibu mita za mraba 950. Vioo bapa vya kuakisi viliwekwa pande mbili za kila safu ya masanduku ili kuongeza mwanga mara mbili hivi. Pampu yake iliweza kuinua galoni 3,000, yaani takriban lita 11,000 za maji kwa dakika, hadi urefu wa mita 10.

Kwenda Misri

Philadelphia ina majira ya baridi na mawingu mengi, tena ilikuwa karibu na migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Mahali kama hapo nguvu ya jua haikuweza kushindana na makaa. Shuman alihitaji nchi yenye jua kali, ardhi na vibarua wa bei ndogo, na ambako fueli ni ghali. Misri ilikuwa na sifa hizo zote. Makaa yake yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza, na kilimo chake, hasa cha pamba, kilitegemea maji yaliyoinuliwa kutoka mto Naili.

Wakati huo Misri ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, ambao majeshi yao yaliikalia tangu 1882. Pamba ya Misri ilikuwa mali muhimu kwa viwanda vya nguo vya Uingereza. Kwa hiyo Shuman alipotafuta wenye mitaji alikwenda London. Huko iliundwa kampuni ya kuendesha shughuli zake katika upande wa mashariki wa dunia.

Wenye mitaji walitaka ushauri wa wataalamu kabla ya kutoa fedha. Mhandisi A. S. E. Ackermann alipewa kazi ya kupima mitambo, na mwanafizikia Charles Vernon Boys aliombwa kuchunguza muundo wake. Boys alipendekeza badiliko kubwa: badala ya masanduku bapa yenye vioo pembeni, vioo vipangwe katika umbo la hori refu lenye mkunjo wa parabola. Umbo hilo huelekeza miale yote ya jua kwenye mstari mmoja, na juu ya mstari huo huwekwa boila, yaani chombo chembamba kirefu cha kuchemshia maji. Hivyo boila hupata mwanga pande zote mbili, na eneo linalopoteza joto hupungua. Shuman alikubali pendekezo hilo.

Kituo cha Maadi

Muundo

Kituo kilijengwa Maadi mwaka 1912, karibu na mto Naili. Kilikuwa na hori tano za vioo, kila moja ikiwa na urefu wa mita 62 na upana wa mita 4. Eneo lote la kukusanya miale lilikuwa takriban mita za mraba 1,233. Kati ya hori moja na nyingine iliachwa nafasi ya mita 7 na zaidi, ili kivuli cha moja kisifunike nyingine jua linapokuwa chini. Mwanga uliofika kwenye boila uliongezwa mara nne na nusu hivi.

Uendeshaji

Hori zililazwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Asubuhi zilielekea mashariki, adhuhuri zilitazama juu, na jioni zilielekea magharibi. Hazikugeuzwa kwa mikono: kifaa chenye kuhisi joto kiliongoza mashine iliyozigeuza polepole kadiri jua lilivyosogea. Kwa sababu hiyo nguvu ya kituo haikupungua sana asubuhi na jioni, tofauti na mitambo iliyokaa mahali pamoja.

Maji yaliingia katika boila zilizopakwa rangi nyeusi, yakachemka, na mvuke ukaenda kwa mabomba hadi kwenye injini. Injini iliendesha pampu ya umwagiliaji, na mvuke uliotumika ulipozwa ili maji yake yarudi kwenye boila. Hapakuwa na tanuri, rundo la makaa wala moshi.

Tatizo la boila za zinki

Boila za kwanza zilitengenezwa kwa zinki, metali iliyokuwa nafuu na rahisi kukunjwa. Jua la Misri lilizishinda. Zilipopata joto kali zililegea na kuning'inia, hata zisiweze kutumika. Ilibidi zote ziondolewe na badala yake ziwekwe za chuma, kazi iliyochelewesha kuanza kwa kituo hadi mwaka 1913.

Matokeo

Mnamo Julai 1913 kituo kilionyeshwa rasmi mbele ya wageni, miongoni mwao Lord Kitchener, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Misri. Pampu iliweza kutoa galoni 6,000 za maji kwa dakika, yaani zaidi ya lita 22,000.

Ackermann alipima kituo kwa makini. Katika saa iliyokuwa bora kuliko zote, boila zilitoa karibu kilo 650 za mvuke, kiasi cha kutosha nguvu farasi 55 hivi, sawa na kilowati 41. Boila zilichukua takriban asilimia 40 ya joto la jua lililoangukia vioo. Lakini injini ya shinikizo dogo iliweza kugeuza sehemu ndogo tu ya joto hilo kuwa kazi. Jua kali la adhuhuri huleta karibu kilowati 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kituo kizima kilitumia chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyoshuka juu yake.

Gharama

Udhaifu huo haukumsumbua sana Shuman, kwa kuwa jua halidai malipo. Mwenye injini ya makaa hununua mtambo kwa bei ndogo, kisha hulipia fueli kila siku. Mwenye kituo cha jua hulipa karibu gharama zote mwanzoni: vioo, chuma na ujenzi. Baada ya hapo hubaki kulipia matunzo na wafanyakazi. Kwa hiyo faida ya kituo cha jua ilitegemea mambo mawili, yaani bei ya makaa mahali husika na idadi ya miaka ambayo mtambo ungedumu. Kwa hesabu za Shuman, palipo na makaa ghali kama Misri gharama ya ziada ya ujenzi ingerudi baada ya miaka michache.

Hesabu hiyo ilikuwa na upande mwingine. Ikitokea fueli nafuu zaidi, au mkopo wa kujengea ukiwa mgumu kupatikana, faida ya jua hupotea hata kama mtambo haujabadilika. Ndivyo ilivyotokea baadaye.

Mipango mikubwa

Baada ya maonyesho ya Maadi, Lord Kitchener alikuwa tayari kumpa Shuman eneo la ekari 30,000 katika Sudan, iliyokuwa pia chini ya Waingereza, ili kumwagilia pamba kwa nguvu ya jua. Shuman alialikwa pia Ujerumani, akaeleza kazi yake mbele ya bunge la nchi hiyo. Serikali ya Ujerumani iliahidi fedha za kujenga kituo katika koloni lake la Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo.

Shuman mwenyewe alifikiria mbali zaidi. Alikadiria kwamba maili za mraba 20,250 za jangwa la Sahara, yaani takriban kilomita za mraba 52,000, zikifunikwa kwa mitambo yake zingetoa nguvu farasi milioni 270. Kiasi hicho kililingana na nguvu ya fueli yote iliyochimbwa duniani mwaka 1909. Alionya kwamba makaa na mafuta yana mwisho, na kwamba binadamu atalazimika siku moja kutumia jua moja kwa moja.

Mipango hiyo ilitegemea serikali za kikoloni na kampuni za Ulaya. Ardhi iliyozungumziwa Sudan, Namibia na Sahara ilikuwa na wenyeji wake, lakini maamuzi yalifanyika London na Berlin. Maji yaliyoinuliwa yalikusudiwa hasa kuongeza mazao ya kupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo hatima ya nguvu ya jua barani Afrika ilifungwa pamoja na hatima ya madola hayo.

Vita na kifo

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza mwezi Julai 1914, mwaka mmoja tu baada ya maonyesho ya Maadi. Wahandisi waliosimamia kituo walirudi katika nchi zao. Mitaji ya Ulaya ilielekezwa vitani. Kituo kilibomolewa, na metali yake ikachukuliwa kwa matumizi mengine. Ahadi za Sudan na za Ujerumani hazikutekelezwa. Baada ya kushindwa vitani Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote.

Shuman alirudi Marekani, akaendelea na kazi za uvumbuzi. Miongoni mwa kazi za miaka yake ya mwisho ni kioo cha usalama cha tabaka, kilichotengenezwa kwa kuunganisha vioo viwili na utando mwembamba kati yake. Hakuacha kutetea nguvu ya jua, na bado mwaka 1916 alikuwa akisisitiza kwamba Maadi ilikuwa imethibitisha faida yake kibiashara.

Alifariki nyumbani Tacony tarehe 28 Aprili 1918 akiwa na umri wa miaka 56, kabla ya vita kumalizika.

Baada ya vita dunia ilikuwa imebadilika. Tayari mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilikuwa imenunua hisa nyingi katika kampuni iliyochimba mafuta Uajemi, ili kupata fueli ya manowari zake. Mafuta yalizidi kupatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na yalikuwa rahisi kusafirishwa hadi nchi zisizo na makaa, zilezile ambazo Shuman alizitegemea. Hakuna aliyerudi Maadi kujenga upya.

Urithi

Wazo la hori za vioo lilifufuliwa baada ya bei ya mafuta kupanda sana katika miaka ya 1970. Kati ya 1984 na 1990 vilijengwa vituo tisa vya aina hiyo katika jangwa la Mojave, California, vyenye uwezo wa jumla wa megawati 354. Vituo vya hori vilijengwa pia Hispania, na huko Ouarzazate, Moroko, kituo cha megawati 160 kilizinduliwa mwaka 2016. Mitambo ya kisasa hupasha mafuta maalumu joto la karibu sentigredi 390, nayo mafuta huchemsha maji ya kuendesha tabo na jenereta. Hata hivyo kanuni yake ni ileile: kioo chenye mkunjo wa parabola, bomba jeusi kwenye mstari wa miale, na safu zinazogeuka kufuata jua.

Misri yenyewe ilirudi kwenye njia hiyo karibu miaka 100 baada ya Shuman. Kituo cha Kuraymat, kusini mwa Kairo, kilianza kazi mwaka 2011. Kina uwezo wa megawati 140, na kati ya hizo takriban 20 zinatokana na hori za vioo na nyingine na gesi. Mbali zaidi kusini, karibu na Aswan, yako mashamba ya umeme wa jua ya Benban, yaliyokamilika mwaka 2019 na kuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 1,400. Hayo hayatumii mvuke, bali paneli zinazogeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja, teknolojia ambayo Shuman hakuijua.

Wanahistoria wa teknolojia humtaja Shuman kama mtu aliyelitazama jua kwa macho ya mfanyabiashara. Wengi kabla yake walionyesha kwamba jua linaweza kuendesha mashine. Yeye aliuliza ni wapi, kwa bei gani na dhidi ya fueli gani, na maswali hayo bado huulizwa kila kituo cha jua kinapopangwa kujengwa.